Kila Mmea na Kwao: Somo kwa Kamati za Sharika Kabla ya Msimu wa Kupanda Miti



Katika toleo hili tumetenga kurasa za somo kwa ajili ya jambo lililotugharimu. Msimu mmoja ofisi yetu ya miradi ilikuza miche katika kitalu kimoja kilichoko sehemu ya juu, penye ubaridi na ukungu. Ilikuwa miche ya mgrevilea na mringaringa, yenye afya nzuri kabisa. Tukaigawa kwa sharika zote, za mlimani na za tambarare, tukidhani kwamba kugawa sawasawa ndiyo haki yenyewe. Masika yalipokwisha na kiangazi kikaingia, sharika za juu zilikuwa na miti. Za tambarare zilikuwa na mashimo yenye vijiti vikavu, ingawa akina mama walikuwa wamebeba maji kichwani kutoka mbali ili kuimwagilia.

Tulipokwenda kukagua tulikuwa tumetayarisha maelezo marefu juu ya upungufu wa mvua. Mama mmoja, mzee wa kanisa, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Hii miche, mliiuliza kwao ni wapi?"

Hatukuwa na jibu. Somo hili ndilo jibu tulilopaswa kuwa nalo siku ile.

LENGO LA SOMO

Baada ya kusoma na kujadili, kamati iweze kuutazama mmea wowote, yaani mizizi, shina, majani na namna unavyozaa, na kutambua umeumbwa kuishi mahali pa namna gani. Hakuna haja ya darubini. Macho yanatosha, pamoja na maswali sahihi.

MAMBO MANNE AMBAYO KILA MMEA UNAYAHITAJI

Mmea hauwezi kuhama. Ng'ombe akikosa maji hupelekwa mtoni. Mti hubaki pale pale ulipoota. Kwa hiyo kila mmea lazima uwe na njia ya kutimiza mambo manne: kupata maji, kuyatunza, kufikia mwanga wa jua, na kuzaa. Mahitaji haya ni yale yale kila mahali. Kinachotofautiana ni mwili ambao mmea umepewa ili kuyatimiza.

Jambo la pili lina ugumu wake. Jani lina vitundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho matupu, ambavyo hupitisha hewa inayohitajika kutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Vitundu hivyo vikifunguka ili hewa iingie, maji nayo hutoka. Mmea ukivifunga ili usipoteze maji, chakula nacho hupungua. Kila jani mnaloliona shambani ni namna moja ya kupatanisha njaa na kiu.

Jaribio kwa kamati: asubuhi yenye jua, ingizeni kitawi chenye majani ndani ya chupa tupu ya plastiki iliyo angavu, bila kukikata mtini, kisha zibeni mdomo wa chupa kwa kitambaa. Rudini saa chache baadaye. Matone mtakayoyaona ndani ya chupa yametoka kwenye majani. Fanyeni hivyo kwa mimea ya aina mbili au tatu na mlinganishe.

MAKUNDI MAKUU YA MIMEA YA NCHI KAVU

Kundi la kwanza ni mosi, ile mimea midogo ya kijani iliyo laini kama zulia, inayofunika mawe na magome ya miti mahali penye unyevu. Mosi haina mizizi ya kweli wala mishipa ya kupandisha maji, bali hunyonya maji kwa mwili wake wote. Ndiyo maana haiwezi kuwa ndefu.

Kundi la pili ni makangaga. Haya yana mizizi na mishipa, hivyo huweza kurefuka. Lakini hayana mbegu. Huzaa kwa vumbi laini liitwalo spora, lile mnaloliona kama madoa ya kahawia nyuma ya jani. Makangaga, kama mosi, huhitaji utando wa maji ili mbegu ya kiume iogelee hadi kwenye yai. Pasipo unyevu hakuna uzazi.

Kundi la tatu ni miti ya koni na jamaa zake, kama msonobari, mtarakwa na podo. Hii ina mbegu, na chavua yake husafirishwa na upepo, kwa hiyo haihitaji maji ya kuogelea. Mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda la kweli.

Kundi la nne ni mimea itoayo maua, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Humo mna nyasi, mahindi, migomba, maharage, kahawa, mibuyu na migunga. Mbegu zake hukua ndani ya tunda, na mingi huwatumia nyuki, ndege, popo au upepo katika uzazi wake.

Sasa tuyaangalie makundi haya mahali yanapoishi. Sisi tunaoishi karibu na Kilimanjaro tuna darasa mlangoni petu, maana kutoka tambarare hadi kilele cha mita 5,895 mtu hupita karibu kila aina ya makazi.

TAMBARARE: KUISHI NA KIU

Chini ya mlima mvua ni kidogo, jua ni kali na kiangazi ni kirefu. Mimea ya huku imejengwa kwa kutunza akiba.

Mbuyu huweka maji mengi shinani. Shina lake ni laini na lenye nyuzi, si gumu kama la miti ya mbao. Kiangazi kikija huangusha majani yake yote, lakini chini ya gome lake kuna tabaka la kijani linaloendelea kupokea mwanga. Maua yake hufunguka usiku na hutembelewa na popo.

Migunga ina njia nyingine. Jani lake limegawanyika kuwa vijani vidogo vidogo visivyopata joto kali, mizizi yake hushuka chini sana, na miiba huilinda dhidi ya walaji. Aina mojawapo, Faidherbia albida, huangusha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi. Jamii yake pia huongeza nitrojeni katika udongo kwa msaada wa bakteria walioko mizizini. Mkulima anayelima mahindi chini yake hapati kivuli kibaya wakati wa kilimo, bali hupata rutuba.

Mnyaa, ule wa kuzungushia maboma, umeachana karibu kabisa na majani. Matawi yake ya kijani ndiyo yanayotengeneza chakula. Watoto wakatazwe kuuchezea, maana utomvu wake ni hatari kwa macho.

Mkonge nao una siri yake. Majani yake ni manene, yamepakwa nta, na hufungua vitundu vyake usiku wakati kuna ubaridi, huhifadhi hewa iliyoingia, kisha huitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa. Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Lakini hiyo 62 ilikuta hali inayofanana na ya kwao, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba makubwa ya mkonge ya nchi hii. Miche michache iliyofika mahali panapoifaa ilizaa kuliko mingi iliyopotea.

VIHAMBANI: KUISHI KWA GHOROFA

Kuanzia takriban mita 1,100 hadi 1,800 tunaingia eneo la migomba na kahawa. Kihamba cha Mchagga kimepangwa kama nyumba ya ghorofa. Juu kuna mringaringa, mfuruanje na mgrevilea, katikati migomba, chini yake kahawa, na karibu na ardhi magimbi na mboga.

Mpangilio huu unafuata miili ya mimea yenyewe. Kahawa ya arabika ilitoka katika misitu ya milima ya Ethiopia, ambako huota chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mgomba, uliotoka Asia ya kusini-mashariki, si mti. Kile tunachokiita shina ni mashikio ya majani yaliyofungana; shina la kweli liko ardhini. Jani lake ni pana na hupoteza maji mengi, na mizizi yake haiendi mbali chini. Ndiyo maana mgomba hutaka udongo wenye unyevu, samadi na hifadhi dhidi ya upepo, na ndiyo maana wazee wetu walichimba mifongo ya kuleta maji kutoka mtoni hadi vihambani.

Mringaringa una majani mapana pia. Penye mvua za mlimani, upana huo ni faida kwa sababu jani hupata mwanga zaidi. Tambarare, katika kiangazi cha miezi kadhaa, upana ule ule ukawa mlango wa kupotezea maji ambayo mche mchanga hakuwa nayo. Hapo ndipo palipokuwa na kosa letu. Tulilaumu mvua, kumbe tungeangalia jani kwanza.

MSITUNI: KUISHI KWA KUNYANG'ANYANA MWANGA

Juu ya vihamba kuna msitu wa hifadhi, ambao tangu mwaka 2005 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Upande wa kusini, kwenye mita 2,200 hivi, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Hapa maji si tatizo. Kinachogombewa ni mwanga.

Jibu la kwanza ni kurefuka. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mti wa Entandrophragma excelsum ulioko katika bonde la mlima huu una urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti mwingine wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika hadi wakati huo. Mkulo nao hukua kuwa mkubwa sana, na huweza kuchipua upya kutoka mizizini. Sehemu za juu zaidi kuna podo, na upande wa kaskazini ulio mkavu zaidi kuna mtarakwa, wenye vijani kama magamba yaliyobana kwenye tawi.

Jibu la pili ni kupanda juu ya migongo ya wengine. Matawi ya miti mikubwa yamejaa mosi, makangaga na maua. Mimea hii haiinyonyi miti hiyo. Imekaa tu karibu na mwanga na kuishi kwa mvua na ukungu. Kwenye makorongo yenye vijito kuna makangaga makubwa yenye shina na umbo la mti, yaliyoweza kukua hivyo kwa sababu unyevu haukauki.

Kamati za maji ziangalie mosi kwa makini. Mimea hii isiyo na mizizi hushika maji kama sifongo. Mvua kubwa ikinyesha, huinywa. Ukungu ukipita, huunasa. Kisha maji hudondoka polepole hadi kwenye udongo. Maji yanayoingia hivyo ardhini hayatiririki kwa kasi kubeba udongo, bali hupata nafasi ya kufika kwenye chemchemi za chini. Anayekata mti mkubwa msituni hakati mti mmoja. Anabomoa pia tangi la maji lililokuwa juu yake.

JUU YA MSITU: JUA MCHANA, BARAFU USIKU

Kuanzia mita 3,000 hivi miti mirefu hutoweka na vichaka vya jamii ya Erica huchukua nafasi. Vijani vyake ni vyembamba kama sindano, kwa kuwa mvua inapungua na upepo unakausha. Kwenye matawi huning'inia kuvumwani, kama ndevu za mzee. Kuvumwani si mmea mmoja. Ni ushirikiano wa kuvu na mwani. Kuvu hutoa makao na kushika unyevu; mwani hutengeneza chakula. Kila mmoja peke yake angeshindwa kuishi pale.

Vichaka hivi huwaka kwa urahisi. Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani na kuunguza makumi ya kilomita za mraba. Mimea inayonasa ukungu ikiungua, wanaoumia si watalii na waongoza watalii peke yao, bali pia wanaochota maji chini.

Kwenye mita 3,500 na zaidi kuna senesio mkubwa wa Kilimanjaro, Dendrosenecio kilimanjari, mmea unaofanana na nguzo yenye kichwa cha majani. Majani yake makavu hayadondoki. Hubaki yakiwa yamevika shina kama koti la baridi. Usiku majani hai hujikunja kufunika chipukizi lililo katikati. Jirani yake, lobelia deckenii, hukusanya maji kati ya majani yake. Usiku maji hayo huganda juu, lakini chini yake chipukizi husalimika. Mchana chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu, huja kunywa nekta na kubeba chavua.

Juu zaidi, mvua ya mwaka kileleni ni chini ya milimita 200. Hapo hubaki nyasi chache za vishungi, mosi kwenye nyufa za mawe, na kuvumwani juu ya mwamba mtupu. Viumbe wadogo kabisa wa somo letu ndio wanaofika mbali kuliko wote.

SOMO HILI NA CHEMCHEMI ZETU

Sharika kadhaa zimetuomba miche ya mkaratusi ili ipandwe kuzunguka vyanzo vya maji, kwa sababu hukua haraka na huleta nguzo za kuuza. Tuutazame mwili wake. Mkaratusi ulitoka Australia. Mizizi yake huenda mbali kutafuta maji, na kasi yake ya kukua hulipwa kwa maji mengi. Shambani, mbali na chemchemi, unaweza kuwa mti wa faida. Kando ya chemchemi ni sawa na kumfunga ng'ombe mwenye kiu kwenye pipa la maji ya kunywa.

Karibu na maji tupande ile ambayo kwao ni karibu na maji: mkuyu, mzambarau mwitu, msesewe. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Kwa hiyo hata miti rafiki wa maji ipandwe kwa kushauriana na ofisi ya maji ya bonde, na eneo liachwe lipumzike bila kulimwa.

Kwa tambarare, tumeanza kukuza migunga, mkwaju, mwarobaini na mjohoro katika kitalu kilichoko huko huko tambarare, ili miche izoee jua tangu utotoni. Mgrevilea na mringaringa vimebaki kwa sharika za mlimani.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Zamani taarifa zetu zilihesabu miche iliyogawiwa. Hesabu ile ilikuwa ya kweli, lakini haikuwaonyesha ninyi vile vijiti vikavu. Sasa tunahesabu miti iliyo hai baada ya viangazi viwili. Idadi mtakayosoma itakuwa ndogo kuliko mliyozoea. Tunaomba msiione kuwa ni kurudi nyuma. Mche uliokufa umekula fedha zenu, na umekula pia nguvu za mama aliyebeba ndoo. Na mwaka unaofuata huyo mama huitikia wito wetu kwa shida zaidi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Taja mimea mitano inayostawi yenyewe katika eneo la usharika wenu bila kumwagiliwa. Majani yake yanafanana kwa jambo gani?

2. Katika jaribio la chupa, ni mmea upi uliotoa matone mengi? Je, mngeupanda mahali pakavu?

3. Chemchemi inayotumiwa na usharika wenu imezungukwa na miti gani leo? Wazee wanakumbuka ilizungukwa na miti gani zamani?

4. Kabla ya kuagiza miche msimu huu, jibuni kwa kila aina: mizizi yake inakwenda wapi? Shina lake linatunza nini? Jani lake ni pana au dogo? Inazaa kwa msaada wa nani?

5. Nani katika kamati atakayehesabu miti iliyo hai mwishoni mwa kiangazi, na ataandika wapi?

Tunaomba majibu ya swali la nne yaletwe ofisini pamoja na fomu ya maombi ya miche. Fomu isiyo na majibu hayo tutairudisha, si kwa ubaya, bali kwa sababu yule mzee wa kanisa wa tambarare yumo sasa katika kamati yetu ya kupitia maombi, na swali lake la kwanza kwa kila mche bado ni lile lile.

Tunawatakia maandalizi mema ya msimu wa kupanda.